Komba aliyeanguka chini ya mwembe wangu

Saa kumi na nusu alfajiri ndiyo saa yangu ya kuwasha jiko. Nauza mahamri na mbaazi hapa Utange, Mombasa, na unga huwa nimeshaukanda usiku kwa tui na iliki, kwa hivyo alfajiri kazi ni moto, karai na kusukuma. Alhamisi moja ya mwezi wa pili, maembe yakiwa yamebaki machache mtini, nilisikia kitu kikianguka nyuma ya banda la kuni. Embe huanguka mara moja likanyamaza. Hiki kilianguka, kikagaragara, kisha kikatoa sauti kama ya mtoto mchanga aliyefinywa.

Nilimulika na tochi ya simu. Macho mawili yaling'aa, makubwa, ya rangi ya chungwa. Alikuwa komba, mzima na mkia wake wote wa manyoya, lakini mkono wa kulia ameukunja kifuani na hautumii. Palinuka nywele zilizoungua. Nilitazama juu nikauona waya wa stima unaopita katikati ya matawi ya mwembe, nikaelewa. Kwa miaka tulikuwa tukiyaona matawi yale yakiugusa waya, na kila mtu akingojea mwingine aseme.

Nayaandika haya kwa sababu siku mbili zilizofuata nilifanya karibu kila kosa ambalo mtu mwenye huruma anaweza kulifanya. Huruma nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni kujua kwamba komba hahitaji vile vitu ambavyo mtoto wa binadamu anahitaji akiumia.

Kosa la kwanza lilikuja katika dakika ya kwanza. Nilivua leso yangu ya begani nikamfunika mgongoni, vizuri, halafu nikapitisha mkono mtupu chini ya tumbo nimnyanyue. Akaniuma kidole gumba. Meno ya komba ni madogo lakini ni makali, na yalizama. Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu: yeye hakujua kama nimekuja kumsaidia au kumla. Nilipangusa damu, nikafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, nikaendelea. Sikuosha. Mahamri yalikuwa yananingoja, na kidole kimoja kilionekana jambo dogo.

Ilivyotakiwa ni hivi: unamfunika mnyama mzima mzima kwa taulo nene au gunia, kichwa pia, maana asipoona hutulia. Kisha unamkumba pamoja na hilo taulo na kumwingiza kwenye boksi. Kama una glavu nzito za kazi, vaa. Kama huna, taulo likunje mara mbili. Boksi la karatasi lenye matundu madogo ubavuni linatosha, na ndani uweke kitambaa ambacho hakina nyuzi zilizolegea za kunasa vidole. Mimi nilimtia kwenye beseni la plastiki, juu nikaweka wavu wa kufunikia chakula, nikamweka jikoni mezani ambapo kila mtu angemwona.

Na kila mtu alimwona. Kufikia saa mbili wateja wangu walikuwa wanaingia kwa zamu. Mwanangu wa darasa la saba alikuja na wenzake wanne kabla ya kwenda shule. Shangazi akasema mnyama huyu ana njaa, angalia anavyotweta. Tukapasha maziwa ya ng'ombe, tukayavuta kwa sirinji ya dawa ya kikohozi cha watoto, mmoja akimshika shingo na mimi nikimtia mdomoni. Aliyameza mengine, mengine yakatoka puani. Nilifurahi kuona sirinji imekwisha. Tukamwekea na ndizi mbivu. Hakuigusa.

Mchana kutwa alikaa kwenye kona ya beseni amejikunja, na masikio yake, ambayo komba anaweza kuyakunja kama mtu anayekunja feni ya mkono, yamelala kabisa kichwani. Nilidhani amepumzika. Yule alikuwa ameogopa mpaka amekufa ganzi. Mnyama wa porini akizungukwa na watu haoni tofauti ya wanaompenda na wanaomwinda, na hofu peke yake yaweza kumwua mnyama mdogo aliyejeruhiwa, hata kama jeraha lenyewe lingepona.

Jioni alikuja bwana mmoja kutoka mtaa wa pili, ameshasikia, akaniambia atampa mtu wa kumfuga, na kwamba mimi ningepata elfu tatu. Nilikataa, lakini nakiri nilikataa kwa sababu nilishampenda, si kwa sababu nilijua sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga au kumuuza mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo hata mimi, pamoja na nia yangu njema, kila saa niliyokaa naye bila kumwambia mtu yeyote nilikuwa najiweka pabaya.

Usiku ule sikulala. Komba ni wa usiku, na giza lilipoingia alianza kuzunguka beseni kwa mkono mmoja na miguu miwili, akianguka upande ule ule kila mara. Kila akilia niliwasha taa kumwangalia. Nadhani niliwasha mara kumi. Karibu na saa nane nilimtolea kidole, kile kizima, na akakishika. Viganja vyake vina nyama laini kama ncha za vidole vya mtoto, na vilikuwa baridi. Alinishika hivyo kwa muda mrefu. Niliona ni mapenzi. Baadaye nilielezwa kwamba komba hukamata chochote kilicho karibu, maana maisha yake yote ni matawi, na anayeacha kukamata ameanguka. Lakini ule ubaridi ndio uliokuwa habari yenyewe, na sikuusoma. Alihitaji joto: chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja wa boksi, ili akisikia moto sana aweze kusogea.

Ijumaa asubuhi mkono ulikuwa umevimba na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Jana yake kilikuwa kidonda kisichofika ukubwa wa shilingi. Hili la stima ndilo linalodanganya watu wengi: umeme huunguza ndani zaidi kuliko nje, na nyama inaendelea kufa siku baada ya siku ilhali ngozi inaonekana nzima. Ukiona mnyama ameanguka chini ya waya, hata kama anatembea, usiseme "huyu ni mzima". Na kabla hujamsogelea, angalia kwanza kama waya wenyewe umekatika au umelala chini. Ukikatika, kaa mbali, wazuie watoto, upige simu kwa wenye stima. Mnyama atangoja.

Nikaanza kutafuta daktari. Wa kwanza anatibu ng'ombe na mbuzi, akaniambia kwa simu kwamba hawezi kumgusa mnyama wa porini bila idhini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Nilikasirika, nikaona ananifukuza. Wa pili hakupokea. Wa tatu akaniambia nimlete jioni, na jioni nilipofika na beseni langu nikakuta pamefungwa. Siku nzima ikapotea hivyo, nami ningeweza kuiokoa kwa simu moja kama ningeipiga kwa mtu anayehusika tangu Alhamisi alfajiri.

Aliyeniondoa gizani ni babu mmoja mgema, jirani yetu, ambaye minazi yake iko nyuma ya shamba la mihogo. Anapanda mara tatu kwa siku na kotama yake kiunoni, na anawajua komba kuliko mtu yeyote ninayemjua, maana ndio wanaomwibia tembo, ile pombe ya mnazi, usiku. Watu wa pwani husema mtu kalewa kama komba, na yeye anasema amewakuta kweli asubuhi, wamelala kwenye kilele cha mnazi, hawajiwezi. Alichungulia beseni, hakumgusa, akasimama kimya. Kisha akasema:

"Mwanangu, huyu ni wa giza. Na wewe umemweka kwenye taa tangu jana."

"Nataka nimwone, babu. Nikimwacha atakufa."

"Mfunike. Yeye si wa kuonwa. Na hiyo ndizi yako itoe, mgonjwa hali kwa sababu wewe wataka ale."

Tukamhamishia kwenye boksi, tukatia majani makavu ya mwembe na ile leso, tukamweka chumbani mlango umefungwa. Ndani ya nusu saa kulia kulikoma. Ulikuwa mwisho wa siku ya pili, na hiyo ilikuwa nusu saa yake ya kwanza ya amani.

Jumamosi saa moja nilipiga simu KWS. Afisa aliyepokea aliniuliza mambo machache: ni mnyama gani, yuko wapi, ameumia vipi, amemuuma mtu? Hilo la mwisho nililipita haraka, nikasema amenikwaruza kidogo. Akaniambia, "Mama, usimpe kitu kingine mdomoni, wala maji," akanielekeza kwa daktari wa wanyamapori upande wa kusini, kule Diani, akachukua jina langu ili ijulikane mnyama yuko njiani na mimi. Usikose hatua hii. Mtu anayesafiri na komba kwenye boksi bila taarifa kwa yeyote, akisimamishwa barabarani, atajieleza namna gani? Andika jina la afisa na saa mliyoongea.

Safari ilikuwa ndefu. Nilipanda matatu hadi Ferry, boksi mapajani, dirisha nimelifunga ili upepo usimpige, na redio inavuma. Utingo aliuliza nimebeba nini nikasema kifaranga. Najuta. Ningesema kweli huenda wangepunguza sauti, na mimi ningekuwa nimemtendea haki yule mnyama mara moja katika siku tatu. Kwenye feri nilisimama pembeni nimelikumbatia boksi, watu wakinisukuma kutoka kila upande, na ndani nasikia kucha zikikwaruza karatasi, polepole, kisha zikanyamaza. Tulipofika Likoni nilikaa chini ya mti nikafungua kidogo nimwangalie. Hilo pia halifai. Kama umeshamfunika, mwache, hata moyo ukikupiga namna gani. Ukiweza kupata mtu mwenye gari kimya, lipa hiyo pesa. Na uondoke mapema kabla ya jua kali, maana boksi lililofungwa ndani ya matatu saa sita mchana ni tanuri.

Diani nilipita chini ya zile ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara, kutoka mti wa huku hadi mti wa kule. Nilikuwa nimeziona miaka yote nikidhani ni pambo la mahoteli. Ni kazi ya Colobus Conservation, shirika lililoanza mwaka 1997, ili mbega na jamaa zake wavuke bila kugongwa na magari, na watu hao hao hupogoa miti iliyokaribiana na nyaya za stima. Niliziangalia nikakumbuka mwembe wangu.

Daktari alikuwa dada wa umri wangu. Alimchukua kwa taulo, bila maneno, akamchunguza kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Kisha akaniuliza, "Umempa nini?"

Nilitaka kusema maji tu. Nikasema kweli: maziwa, kwa sirinji, Alhamisi mara mbili na Ijumaa asubuhi mara moja.

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba maziwa ya ng'ombe humharisha komba mpaka maji yamwishe mwilini, na kwamba mnyama dhaifu anayetiliwa kitu mdomoni kwa nguvu hukivuta kwenye mapafu. Mapafu ya huyu yalikuwa yanakoroma. Mkono ulikuwa umekufa hadi juu ya kiwiko. Akasema kama angefika siku ya kwanza pangekuwa na la kujaribu, lakini sasa kumrefushia ni kumrefushia maumivu. Alimpiga sindano ya kumlaza. Niliomba kukaa, akanikubalia. Ile leso yangu ilikuwa bado chini yake, na ule mkono wa kushoto ulikuwa umeikamata kwenye pindo. Ilibidi daktari aufungue kidole kimoja kimoja.

Nililia pale, na nililia tena kwenye feri nikirudi na boksi tupu. Walioniambia "ni komba tu" walinisaidia kwa namna yao, lakini hawakunifikia.

Kabla sijaondoka daktari aliona kitambaa kwenye kidole gumba. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Kuumwa na mamalia yeyote wa porini ni jambo la kichaa cha mbwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ugonjwa huo, dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Alinipeleka kwenye bomba, nikaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kwa saa yake, ingawa zilikuwa zimepita siku mbili. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Mkono unachoka, unataka kuacha kwenye ya nne. Usiache. Na uoshe palepale unapoumwa, kisha hospitali siku hiyo hiyo, wala usipake majivu, mafuta ya taa, kahawa wala chochote cha nyumbani kwenye kidonda.

Hospitali ya kwanza chanjo ilikuwa imekwisha. Nilinunua kwenye duka la dawa, shilingi 1,800 kila sindano, na nilichomwa nne kwa tarehe walizonipangia. Hizo ni 7,200. Nauli na tuktuk kwenda na kurudi 1,150. Siku mbili bila mahamri, kama elfu tatu hivi. Jumla inapita 11,000, na nilikopa kwenye chama cha akina mama. Nalitaja hili waziwazi kwa sababu sehemu kubwa ya pesa hizo ningeiokoa kwa kutumia taulo badala ya mkono. Yule mwanangu wa darasa la saba nilimhoji kwa siku kadhaa kama na yeye aliumwa au alikwaruzwa, nikawa siamini jibu lake. Wiki ile nilikuwa naamka usiku kumshika paji la uso. Watoto huficha, wakiogopa sindano au kugombezwa. Wazuie wasiguse tangu mwanzo, uondokane na hofu hiyo.

Mwembe ulipogolewa mwezi uliofuata. Nilikwenda mwenyewe kwa wenye stima na picha kwenye simu, nikarudi mara tatu, na mara ya tatu wakaja. Msikate wenyewe. Jirani mmoja alitaka kupanda na panga, nikamzuia kwa kumshika shati.

Halafu, mwezi wa tisa, Jumapili jioni, mwanangu alikuja mbio: kuna mtoto wa komba chini ya mwembe.

Nilichukua taulo, sikuchukua beseni. Alikuwa mdogo kama ngumi, macho wazi, amekaa juu ya majani. Nilimwangalia kwa mbali: hakuwa na damu, mikono na miguu yote anaitumia, hakuna paka aliyemfikia. Daktari alikuwa amenifundisha kwamba mama komba akienda kutafuta chakula humwacha mtoto kwenye matawi, saa nzima au zaidi, na kwamba mtoto anayeonekana ameachwa mara nyingi hajaachwa. Huyu alikuwa ameteleza tu. Niliita kwa simu, nikaelezwa la kufanya, nikamwinua na taulo nikamweka kwenye kikapu cha ukindu chenye majani, tukakifunga kwenye tawi la chini, mbali na waya. Paka nikamfungia ndani. Taa ya nje nikaizima, na watoto wote nikawaingiza nyumbani. Shangazi akauliza mbona simpi kitu. Nikamwambia tungoje.

Nilikaa dirishani gizani. Saa moja ikapita, na nusu. Mara mbili nilishika kitasa cha mlango. Kisha juu ya mwembe kulisikika ule mlio, mmoja, na kutoka kikapuni ukajibiwa na mwembamba. Mama alishuka kichwa chini, akasimama juu ya ukingo wa kikapu, akanusa majani kwa muda. Akaingiza kichwa, akatoka na mtoto amemng'ata ngozi ya mgongo, miguu inaning'inia. Aliruka hadi kwenye tawi la pili, na la tatu, akapitia upande wa minazi ya babu, nami nikaenda kukanda unga.